Karani na Hati ya Mashtaka: Ushirika wa Wanaojua katika Tamthilia ya Richard III

Makala haya yanachunguza namna Richard wa Gloucester anavyopanda hadi kwenye kiti cha enzi katika tamthilia ya William Shakespeare, Richard III. Hoja yetu ni kwamba wahakiki wengi, na walimu wengi zaidi, wameukuza mno ulaghai wa mhusika huyu na kuusahau ujuzi wa wale wanaodaiwa kulaghaiwa. Husemwa kwamba Richard ni mjanja, ni mnafiki, ni katili, ni bingwa wa maneno; na baada ya sifa hizo kuorodheshwa, kazi ya uhakiki huhesabiwa kuwa imekwisha. Mwandishi wa makala haya amesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka mingi, na anakiri kwamba hapo awali alikuwa akizipa alama nzuri. Lakini kila tunapoirejelea matini yenyewe, swali moja hukataa kuondoka: ni nani hasa anayedanganywa na Richard? Ukimtoa nduguye Clarence, na pengine Mfalme Edward wa Nne aliyelala mgonjwa, ni vigumu kumtaja mtu mzima mwenye cheo ambaye hakujua, au hakuweza kujua, alikuwa akishughulika na mtu wa aina gani. Ikiwa ndivyo, basi ulaghai hautoshi kuueleza ushindi wake. Inatupasa kutafuta kitu kingine.

Yafaa kwanza tuweke wazi uhusiano wa tamthilia hii na historia. Yaelekea iliandikwa mnamo 1592 au 1593. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza 1597 ikiitwa tanzia, kisha wahariri wa mkusanyiko wa 1623 wakaipanga pamoja na tamthilia za kihistoria. Henry wa Sita alikufa 1471. Clarence aliuawa 1478. Edward wa Nne alikufa Aprili 1483. Richard alitawazwa Julai mwaka huo huo, akauawa katika vita vya Bosworth tarehe 22 Agosti 1485. Miaka hii 14 imebanwa jukwaani ikawa kama majuma machache. Jeneza la Henry linapita njiani karibu wakati ule ule Clarence anapopelekwa kwenye Mnara wa London. Clarence wa historia alihukumiwa na nduguye mfalme, ilhali Clarence wa tamthilia anauawa kwa hila ya Richard. Malkia Margaret, ambaye alikuwa amekwisha kurudi Ufaransa na kufa huko 1482, anafufuliwa na kutembea katika kasri la adui zake. Na ule mkono uliosinyaa, ambao Richard anawaonyesha wakuu barazani, haukuonekana katika mifupa yake iliyofukuliwa mjini Leicester 2012 na kuzikwa upya 2015. Kilichoonekana ni uti wa mgongo uliopinda. Hatuna haja ya kukaa sana hapa. Shakespeare aliandika wakati wa utawala wa Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa mtu yule aliyemshinda Richard, na haishangazi kwamba mshinde alitwishwa mizigo ya wengine.

Lenye uzito kwetu ni kwamba mabadiliko hayo, karibu yote, yanampa mtu mmoja kazi iliyofanywa na wengi. Ndiyo maana ni rahisi kuisoma tamthilia hii kama kisa cha mtu mmoja. Hata hivyo lipo badiliko moja linaloelekea upande mwingine kabisa.

Sir Thomas More, ambaye masimulizi yake juu ya Richard yalimfikia Shakespeare kupitia vitabu vya Hall na Holinshed, anaeleza kwamba punde tu baada ya Hastings kukatwa kichwa, mpiga mbiu alisoma hadharani tangazo refu la makosa ya marehemu. Tangazo lenyewe lilikuwa limeandikwa vizuri mno, na kwa urefu mno, hata watu wakatambua kwamba liliandaliwa kabla ya mtu kukamatwa. More anamtaja mwalimu mmoja aliyelifanyia mzaha, na mfanyabiashara aliyemjibu kwamba bila shaka liliandikwa kwa unabii. Hawa ni watu wa nje. Wanasikiliza, wanaelewa, wanacheka, kisha wanakwenda zao.

Shakespeare anawaondoa wote wawili. Mahali pao, katika Tendo la Tatu, Onyesho la Sita, anamleta karani. Anaingia peke yake, akiwa na hati ya mashtaka mkononi, anasema mistari 14 na kutoka. Hana jina, hatumwoni kabla wala hatutamwona tena. Anatuambia kwamba kuinakili hati hii kwa mwandiko safi kulimchukua saa 11, kwamba rasimu yenyewe ilichukua muda kama huo, na kwamba saa tano tu zilizopita Hastings alikuwa hai, huru, bila shtaka lolote. Hesabu ni rahisi. Tunaomba msomaji alitazame kwa makini badiliko hili. Ujuzi ambao kwa More ulikuwa wa watu wa barabarani, Shakespeare ameuweka katika mkono ule ule ulioshika kalamu. Aliyegundua uovu ndiye aliyeunakili, na ameunakili vizuri, kwa hati ya kupendeza. Karani anatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayachanganya: kuona na kukiri kuona. La kwanza analihesabu kuwa jambo ambalo hata mpumbavu analiweza. La pili halimwezi mtu yeyote, naye mwenyewe akiwemo, kwa maana anayasema hayo kwetu sisi tu, kisha anakwenda kuikabidhi hati.

Tukiisoma tamthilia nzima kutoka kwenye mistari hiyo, wahusika kadhaa ambao huhesabiwa kuwa wadogo wanaanza kuonekana kwa sura nyingine. Brackenbury, mlinzi wa Mnara, anapoletewa waraka wa kuwakabidhi wauaji ndugu wa mfalme, anausoma, kisha anasema kwamba hatachunguza maana yake ili asiwe na hatia nayo. Anaziacha funguo na kuondoka. Hakudanganywa na mtu. Amechagua mwenyewe mahali ambapo ujuzi wake utakomea. Ajabu ni kwamba mmoja wa wauaji, mtu wa mshahara, anasumbuliwa na dhamiri zaidi ya bwana huyu mwenye cheo, na baada ya Clarence kufa anakataa malipo. Baadaye Brackenbury huyo huyo ndiye anayewazuia malkia kuwaona wale watoto wawili wa mfalme, akisema kwamba amefungwa na kiapo. Kauli zake zote mbili zina adabu kamili.

Onyesho la Richard na Anne ndilo linalotajwa mara nyingi kama ushahidi wa ulaghai wake, nasi hatuna budi kulikabili. Anne anasindikiza maiti ya Henry, baba mkwe wake. Anajua kwamba Richard ndiye aliyemuua, na kwamba ndiye aliyemuua mumewe pia. Richard kwanza anakana, kisha anakiri, tena anakiri mbele ya jeneza. Hakuna jambo hata moja la kweli ambalo Anne hana habari nalo mwishoni mwa mazungumzo hayo. Kwa hiyo ni vigumu kuona ni kwa maana gani tunaweza kusema amedanganywa. Alichofanyiwa ni kitu kingine. Richard anapiga magoti, anamkabidhi upanga na kuufunua moyo wake: ama amuue, ama amkubali. Chumba kina milango miwili, na yote miwili imejengwa na Richard. Mlango wa tatu, yaani kuondoka tu, kuendelea na mazishi, kumwacha mtu huyu amepiga magoti barabarani, hautajwi. Na kwa kuwa hautajwi, Anne hauoni. Upanga unaanguka, na tangu hapo kuanguka kwake ni tendo la Anne. Yeye mwenyewe analijua hilo. Katika Tendo la Nne, anapoitwa kwenda kutawazwa, anakumbuka kwamba laana aliyomtamkia mke wa Richard imemrudia yeye. Wahakiki wanaomwita Anne dhaifu wanakosea, kwa maoni yetu. Ni mwanamke asiye na baba, asiye na mume, mbele ya mtu mwenye silaha, naye ametakiwa aamue hapo hapo. Hata hivyo mbinu hii ya kumfanya mtu ashike mwenyewe ncha moja ya uovu ndiyo mbinu ya Richard kila mahali.

Wa kwanza kushikishwa ncha hiyo ni hadhira. Tamthilia yafunguliwa na Richard akiwa peke yake jukwaani, na uzungumzi nafsia wake si wa mtu anayejisemea. Anatueleza sisi mipango yake, pamoja na jina la atakayetangulia kufa. Kitenzi anachokitumia kueleza nia yake ya kuwa mwovu kinaweza kusomwa kwa njia mbili: kwamba ameazimia kuwa hivyo, au kwamba amekwisha kuandikiwa. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuchagua moja, na sijui angechagua ipi bila kupoteza nusu ya mhusika. Vyovyote iwavyo, kuanzia hapo tunajua kila kitu kabla ya Clarence, na ujuzi huo unatupendeza. Tunacheka. Richard anapotugeukia baada ya Anne kuondoka na kushangaa jinsi alivyompata, kicheko chetu ni cha mtu aliyeketi upande wa mshindi. Wasomaji wa Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia watakumbuka kwamba humo tunamkuta Mtemi Bokono tayari yumo madarakani. Hatukualikwa kuusherehekea ujanja uliomweka hapo. Shakespeare anatualika. Baada ya hapo ni shida kuwalaumu wakuu wa Uingereza kwa kukaa kimya, maana sisi tulikuwa wa kwanza.

Clarence ni kisa tofauti, na hoja yetu haiwezi kumruka. Yeye amedanganywa kwelikweli. Anaamini kwamba Richard anampenda hadi wauaji wanapomwambia ni nani aliyewatuma. Lakini tuangalie mahali alipowekwa: ni wa kwanza kuanguka, kabla ya Richard kuwa na haja ya mtu yeyote kumfumbia macho. Ulaghai mtupu unatosha kumwondoa ndugu mmoja. Hautoshi kuuchukua ufalme.

Hastings ni mfano bora zaidi. Stanley anamtumia ujumbe usiku, akisimulia ndoto ya nguruwe mwitu, ambaye ni nembo ya Richard, na kumsihi wakimbie. Hastings anacheka. Husemwa kwamba ni mjinga. Sivyo. Anajua vema Richard anaweza kufanya nini, kwa sababu asubuhi ile ile anapashwa habari kwamba adui zake, jamaa za malkia, wanauawa Pomfret bila hukumu, naye anafurahi. Anakataa waziwazi kumuunga mkono Richard dhidi ya watoto wa mfalme, jambo ambalo ni la heshima, lakini damu ya Pomfret ameipokea kwa tabasamu. Kosa lake si kutojua kwamba kisu ni kikali. Alidhani tu kwamba kina upande mmoja. Kisha barazani, Richard anamtuma Askofu wa Ely akamletee stroberi, anatoka, anarudi na kuufunua mkono wake anaodai umelogwa. Wote waliopo wanajua kwamba mkono ule ulikuwa hivyo tangu zamani. Hastings anathubutu kusema neno moja la masharti, na neno hilo linakuwa hukumu yake. Richard anawaamuru wanaompenda wainuke wamfuate. Wanainuka. Hakuna maneno katika matini kwa tukio hilo, ni viti tu vinavyosogezwa, na mwelekezi mwenye akili ataviacha visogee polepole. Miongoni mwa wanaoinuka ni Stanley, mwenye ile ndoto.

Kwa kulinganisha, tuutazame umma. Wasomaji wa Kiswahili wameuzoea umma wa Shakespeare kupitia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka kwa mara ya kwanza 1963. Humo raia wa Roma wanapiga kelele, wanabadilika kila msemaji anapobadilika, wanachoma nyumba. Raia wa London katika Richard III ni watu wengine. Katika Tendo la Pili tunawasikia watatu wakizungumza njiani, na mmoja anasema bila kuficha kwamba Richard ni mtu wa hatari. Buckingham anapowahutubia baadaye na kuwataka wampigie Richard vigelegele, hawasemi kitu. Wanatazamana na kubadilika rangi. Watu kama kumi tu, wafuasi wa Buckingham mwenyewe, wanarusha kofia juu huko mwisho wa ukumbi, na hao kumi wanahesabiwa kuwa mji mzima. Kimya cha raia hawa kinaweza kusomwa kama upinzani, na kwa dakika chache Richard mwenyewe anakiogopa. Lakini kimya hakina mwenyewe: atakayewahi kukifasiri ndiye atakayekimiliki. Onyesho linalofuata, ambamo Richard anatokea juu akiwa katikati ya makasisi wawili, kitabu cha sala mkononi, akiikataa taji anayoitamani, ni la kuchekesha kwa sababu hakuna anayeliamini. Meya haliamini, Buckingham ndiye aliyelitunga, sisi tulilisikia likipangwa. Na halihitaji kuaminiwa. Linahitaji watu watakaosimama pale hadi liishe.

Asemaye kweli ni Margaret peke yake. Anamwita Richard kwa majina yake yote mbele ya kasri zima, anawatajia mwisho wao mmoja mmoja, nao wanamwona mwendawazimu. Si kwamba hawamwelewi; ila kila mmoja wao ana hatia yake kwake, na mikono ya Margaret mwenyewe si safi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba wanaotaka kuifanya tamthilia hii iwe kisa cha mtu mmoja humwondoa yeye. Colley Cibber alimwondoa katika toleo lake la mwaka wa 1699 au 1700, ambalo lilitawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya karne moja. Laurence Olivier akamwondoa katika filamu yake ya 1955, na Richard Loncraine katika yake ya 1995. Akitoka Margaret, hakuna tena anayetukumbusha kwamba kasri lote lilisikia.

Jan Kott, mhakiki wa Poland aliyeziandika insha zake juu ya Shakespeare katika miaka ya mwanzo ya 1960, aliona katika tamthilia hizi ngazi moja kubwa ambayo kila mfalme hupanda na kusukumwa kutoka juu. Ni fasiri yenye nguvu, na mtu aliyeishi Poland wakati ule alikuwa na sababu zake. Tatizo lake ni kwamba mtambo hauna hatia. Ikiwa historia ni ngazi inayojizungusha, basi karani ni kijino kimoja cha gurudumu, na saa zake 11 hazina maana. Bertolt Brecht yupo karibu zaidi na tunachokisema. Alipoandika 1941 tamthilia yake juu ya kupanda kwa Arturo Ui, akiigeuza jukwaani hadithi ya Hitler kuwa ya mhuni wa Chicago, aliliazima onyesho la Anne na jeneza; na katika jina la kazi hiyo aliweka neno lenye maana kwamba kupanda huko kulikuwa kunazuilika.

Tukikubali kwamba nguvu ya Richard imejengwa juu ya watu kushirikishwa kidogo kidogo, basi udhaifu wake baada ya kutawazwa unaeleweka vizuri zaidi kuliko kwa kusema tu kwamba dhambi humrudia mtendaji. Mfalme hana tena cha kugawana. Katika Tendo la Nne, Onyesho la Pili, anamdokezea Buckingham juu ya wale watoto mnarani, akitarajia aelewe bila kuambiwa, kama ilivyokuwa desturi yao. Buckingham kwa mara ya kwanza hataki kuelewa. Richard analazimika kulitamka jambo kwa lugha nyoofu, na mara linapotamkwa, ushirika wao umekufa. Buckingham anaomba muda wa kupumua, anarudi kudai mali aliyoahidiwa, hapewi. Hali kadhalika Richard anaacha kuzungumza nasi. Ule ucheshi wa Tendo la Kwanza unapungua, na anapozinduka usiku wa kuamkia Bosworth baada ya kutembelewa na mizuka, anajibizana na nafsi yake mwenyewe. Sisi hatuhitajiki tena. Hapa anatofautiana na yule ambaye wengi wetu tulimsoma kwa Kiswahili katika tafsiri ya Mushi ya 1968: Makbeth anahangaika kabla ya kuua, na Richard anahangaika pale tu anapokosa wa kucheka naye.

Kabla ya hapo anamjaribu Malkia Elizabeth, mama wa watoto aliowaua, akimtaka binti yake. Mbinu ni zile zile alizozitumia kwa Anne, na maneno mengi zaidi. Elizabeth anamkata kila sentensi, hatimaye anaondoka akiahidi kumwandikia, na Richard anamdharau kwa kudhani amemshinda. Muda mfupi baadaye tunaarifiwa kwamba malkia amekubali binti yake aolewe na Richmond. Elizabeth ameuona ule mlango wa tatu. Katika tamthilia inayosifiwa kwa ulaghai wa Richard, ulaghai uliofaulu kuliko wote aliofanyiwa mtu mzima mwenye macho ni huu aliofanyiwa yeye.

Richmond anashinda, na hotuba yake ya mwisho inazungumza juu ya ndoa, msamaha na amani kati ya koo mbili. Ni hotuba nzuri. Taji amepewa na Stanley, aliyeivua kichwani mwa maiti. Ni Stanley yule yule aliyeota ndoto, akamwonya rafiki yake, na asubuhi yake akainuka kitini pamoja na wengine. Kweli mwanawe alikuwa mateka wa Richard siku ya vita, na kuchelewa kwake siku hiyo kunasameheka. Juu ya ile asubuhi ya barazani, Richmond hamuulizi lolote.